Vazi Jeupe Juu ya Ardhi

Katika mavazi yote ambayo binadamu hujivika, kuanzia nguo za shamba zilizozoeana na jasho na moshi hadi kanzu ya Ijumaa inayotiwa buluu na kupigwa pasi tangu Alhamisi, hapana vazi lililotwikwa taklifu nzito kuliko gauni jeupe la bibi arusi. Kwa maana nguo nyingine huvaliwa ili zimhifadhi mvaaji na jua, baridi na macho ya watu, ilhali hili huvaliwa, na papo hapo mvaaji akageuka kuwa yeye ndiye mwenye kulihifadhi. Taklifu hiyo ilikuwa nyepesi maadamu arusi zilifungwa na kusherehekewa chini ya dari, juu ya sakafu iliyopigwa deki asubuhi yake. Lakini zama zetu zimependa anga. Masika yakiisha, na majani yakiwa bado mabichi, utasikia arusi hii iko bustanini Arusha, ile iko ufukweni Diani au Nungwi, na nyingine imewekwa uwanjani kwa wazazi, baina ya migomba na mikahawa, katika miteremko ya Kilimanjaro. Na huko kote gauni lile lile lililobuniwa kwa ajili ya marumaru huteremshwa garini na kukabidhiwa ardhi kama ilivyo, yenye vumbi lake, umande wake, sisimizi wake na kinyesi cha kuku wake.

Mwenye kumtazama kwa makini bibi arusi wa namna hiyo ataona jambo ambalo picha hazilionyeshi. Macho yake hayapo kwa wageni wala kwa mumewe. Yapo chini, hatua mbili mbele ya kiatu, yakitafuta penye kidimbwi, penye mzizi na penye tope. Mkono mmoja umeshika maua na wa pili umekusanya marinda, hata hana mkono wa kumpa shangazi aliyesafiri usiku kucha kwa basi ili aje amshike. Akiambiwa aketi, hukitazama kiti kwanza. Akiletewa chakula, hukikataa ilhali ana njaa tangu alfajiri. Mtoto akimkimbilia kwa mapenzi, chupa ya soda mkononi, yeye hurudi nyuma. Siku iliyoandaliwa kwa miezi mingi ili awe mwenye heshima kuliko wote humfanya bawabu wa kitambaa. Nami sisemi kwamba hofu yake ni upuuzi, kwa sababu doa katika nguo nyeupe huonekana kutoka mbali, na kamera haina huruma. Nasema tu kwamba hofu hiyo imetwikwa mtu asiyestahili kuichukua, na kwamba habari za vazi lenyewe, tukizifuata tangu mbali, hutuonyesha jinsi ilivyomwangukia.

Mwaka 1558, tarehe 24 Aprili, Mary, malkia wa Uskoti, aliolewa mjini Paris na Francis, mrithi wa kiti cha ufalme wa Ufaransa. Ndoa haikufungwa ndani ya kanisa kuu la Notre-Dame bali mlangoni pake, nje, mbele ya umati. Na bibi arusi alivaa nyeupe, rangi ambayo katika nyumba ile ya kifalme ilikuwa desturi kuvaliwa na malkia mwenye msiba. Basi hapa tunalo kila jambo tunalolizungumzia: nguo nyeupe, mkia mrefu wa vazi, anga tupu, na mji ambao njia zake zilikuwa za matope. Lililolinusuru vazi ni mambo mawili. Kwanza, ilijengwa njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya umati, ikafika katika jukwaa lililo mlangoni pa kanisa, hata malkia akawa hakugusana na ardhi ya Paris. Na pili, mkia wake ulichukuliwa na wasichana waliomfuata nyuma. Kabla ya miaka mitatu kutimia Francis alifariki, na Mary akavaa nyeupe tena, mara hii kwa sababu ile ya zamani.

Mfano wake haukuenea. Kwa takriban karne tatu zilizofuata maarusi wa Ulaya waliendelea kuvaa rangi walizozipenda, na wasio na mali walivaa nguo yao iliyo bora, hata ikiwa ya kahawia au nyeusi, ili ipate kuvaliwa tena arusi ikishapita. Jambo lililogeuza mambo ni arusi ya Victoria, malkia wa Uingereza, tarehe 10 Februari 1840, katika kanisa la jumba la St James's, London. Asubuhi ile mvua ilinyesha. Malkia alivaa atlasi nyeupe iliyopambwa kwa lesi ya Honiton, ambayo mafundi wa Devon walikuwa wameifuma kwa mkono kwa miezi mingi. Na miongoni mwa sababu za kuchagua vazi lile ilikuwa kuinua kazi ya mafundi hao, iliyokuwa imedhoofishwa na lesi ya mashine. Picha za arusi ile zilichorwa na kusambazwa, matajiri wakaiga, na baada yao wenye hali ya wastani, hata ikawa baada ya miaka kadhaa watu wakadhani kwamba bibi arusi huvaa nyeupe tangu dunia iumbwe.

Walakini kuna kitu ambacho waigaji walikiacha kule kule kanisani. Nyuma ya Victoria walitembea wasichana 12 wa nyumba za mabwana, na kazi yao ilikuwa kuuchukua mkia wa vazi. Mmoja wao alisimulia baadaye kwamba mkia wenyewe ulikuwa mfupi kwa watu wengi kiasi kile, hata wakawa wanasongamana, wanapigana visigino na kukanyagana nguo. Msimulizi alikusudia kuchekesha, na habari yake huchekesha kweli. Lakini ndani yake mna hikima kubwa kuliko aliyoikusudia, kwa maana vazi la mmoja lilibaki safi, na mavazi ya wale 12 yakakanyagwa.

Gauni hilo lilitufikia sisi kwa njia ya misheni, kisha kwa njia ya picha. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wamisionari wa Kiingereza walijenga makao yao Unguja, na tangu mwaka 1875 wakawa na mji wao wa Freretown karibu na Mombasa. Na pamoja na kengele, daftari za ubatizo na vyeti vya ndoa, ikaja fikira ya kwamba arusi ya heshima ina rangi moja. Wapiga picha wa mijini wakaieneza zaidi kuliko wahubiri. Hatimaye hata nyumba nyingi za Kiislamu za mwambao zikalikubali gauni na shela yake, likawa vazi la usiku wa kumtoa bibi arusi ukumbini, baada ya yote mengine kukamilishwa kwa taratibu za wenyeji. Hivyo vazi lilitufikia kamili, kuanzia lesi hadi mkia. Ila zile jozi 12 za mikono hazikupakiwa merikebuni.

Wala si kwamba wazee wetu hawakujua kumlinda bibi arusi na ardhi; walijua sana. Katika desturi ya mwambao, nikahi ilihitaji walii, mashahidi na mume, wala haikumlazimu yeye kutoka nje: mume alikwenda msikitini, yeye akabaki ndani, amesingwa, ametiwa hina mikononi na miguuni, amekalishwa baina ya wanawake, na somo wake yuko ubavuni. Katika nguo zake ilikuwamo kisutu, ile kanga ya wekundu, weusi na weupe, ambayo ni nguo ya kufuliwa: ikiingia waa leo, kesho iko kambani inapepea, wala hapana aliyewahi kulia kwa sababu hiyo. Na bibi arusi alipolazimika kupita uwanjani, wanawake walitandika kanga zao njiani, moja mbele ya nyingine, na akishaivuka ya nyuma huokotwa ikakimbizwa mbele, hata njia ya doti chache ikawa haina mwisho. Desturi hiyo haijafa. Huonekana hadi leo, pwani na bara, katika arusi na katika sherehe za kumuaga binti, na wenye kuitimiza huinama na kuinuka kwa vigelegele wala si kwa manung'uniko, ingawa kila mmoja anajua kwamba kanga yake itarudi nyumbani na vumbi. Zulia jekundu la kukodi, ambalo mahali pengi limeshika nafasi yake, hufanya kazi hiyo kwa urefu uliolipiwa tu, na likiisha, bibi arusi huachiwa majani.

Ardhi nazo si moja, na mwenye kuchagua mahali pa arusi kwa kutazama mandhari peke yake ameisahau nusu ya jambo. Mchanga wa fukwe za Unguja na Diani, ambao asili yake ni matumbawe yaliyosagwa na bahari, ni mweupe, na maadamu ni mkavu hutoka kwa kukung'utwa; upole wake huisha penye maji ya chumvi, kwa sababu pindo lililolowa huyanyonya maji kuyapeleka juu, na yakikauka huacha mstari; na hariri halisi huweza kupata alama hata kwa tone la maji matamu. Udongo mwekundu wa nyanda za juu, wa Moshi na Kiambu na Iringa, una tabia nyingine kabisa. Wekundu wake ni wa chuma kilichoshika kutu tangu dahari, chembe zake ni ndogo mno, na ukisuguliwa ungali mbichi huingia ndani ya nyuzi na kufanya makazi. Dawa yake ni subira, ambayo katika siku ya arusi ni adimu: uachwe ukauke kabisa, ukung'utwe, upitishiwe brashi laini, ndipo maji na sabuni vifuate; na mtu asikimbilie dawa ya klorini, kwa kuwa doa la chuma halitoki kwa klorini, bali huweza kukazana zaidi. Ama udongo mweusi wa mbugani, ukinyeshewa, hukishika kiatu chenyewe ukakivua mguuni, na hapo hapana kanga wala zulia litakalofaa. Arusi na ihamie pengine.

Mimea ina vitimbi vyake. Majani mabichi yakikaliwa hutoa rangi ya kijani ambayo hutii spiriti kuliko maji. Utomvu wa mgomba hudondoka ukiwa kama maji tu, na saa chache baadaye huwa kahawia ambayo wakulima wa ndizi, kwa kuijua, wameitengea nguo maalumu za kazi. Na maji ya bibo na ya dafu ni ndugu zake katika tabia hiyo ya kujificha kwanza na kujitokeza baadaye. Soda isiyo na rangi na divai nyeupe ni hatari zaidi, kwa sababu hukauka bila kuonekana, gauni likawekwa sandukuni kwa amani, na sukari iliyobaki katika nyuzi ikageuka manjano mwezi kwa mwezi. Hata maua aliyoyashika mkononi si ya kuaminiwa yote: chavua ya mayungiyungi makubwa ya mapambo, ile ya rangi ya machungwa, ikigusa kitambaa kisha ikapanguswa kwa kidole, huenea na kushika; wajuzi huikata kabla maua hayajafungwa, na ikianguka huinyanyua kwa utepe wa gundi, mkono usiiguse.

Fauka ya hayo kuna chakula, na katika chakula kuna manjano, ambayo mwenendo wake hustaajabisha. Tone la mchuzi likidondoka kifuani, mtu mwenye huruma hukimbilia sabuni, na doa lililokuwa la njano huwa jekundu mbele ya macho yake; naye hudhani ameliua vazi. Hakuliua, ila rangi ya manjano hugeuka ikikutana na ukali wa sabuni, na ikisuuzwa vyema hurudi katika njano yake. Kisha, kwa kuwa haivumilii mwanga, jua la siku chache huififisha. Hina haina upole huo. Hushika ngozi na kucha kwa asili ya maumbile yake, na hariri, madhali nayo imetoka kwa kiumbe hai, huishika vile vile. Ndiyo maana mpambaji mwenye kujua kazi yake huitia mapema, ikakauka, ikapukutika yote, kabla mkono haujakaribia gauni. Na ikiwa sindano ya dakika ya mwisho imemchoma mtu kidole na tone la damu limeingia kwenye weupe, hutakiwa maji baridi upesi, wala si ya moto, kwa maana moto huigandisha damu ndani ya kitambaa.

Tukiyapanga madoa haya kwa mahali yanapopatikana, tutaona jambo ambalo bibi arusi anayetazama chini hawezi kuliona. Ardhi, pamoja na hatari zake zote, hufika pindoni tu. Kutoka magotini kwenda juu, mawaa hutoka kwa watu. Begani kuna poda na rangi ya mdomo ya shangazi na mama wadogo. Mgongoni kuna alama ya viganja vya mjomba aliyetoka kula pilau. Kifuani kuna wanja ulioteremka pamoja na machozi ya mama, kikuba cha asmini kilichobanwa hata kikasagika, na sukari ya keki aliyolishwa kwa kicheko. Kwapani kuna jasho lake mwenyewe, kwa kuwa atlasi ya poliesta haipitishi upepo na jua la saa nane halina arusi. Kila doa katika hayo lina jina la mtu, na karibu kila mmoja alikuja kwa mapenzi. Kwa hiyo mwenye kutaka usafi kamili hana budi kuwakimbia jamaa zake kabla hajaukimbia udongo, na akifanikiwa atakuwa amejiepusha na arusi yake mwenyewe. Heri kukubali tangu asubuhi kwamba pindo lina haki ya ardhi na mabega yana haki ya jamaa, kisha kazi ikawa kupunguza, wala si kuzuia.

Na namna za kupunguza si haba, wala hazihitaji fedha nyingi. Fundi mwenye akili hupima pindo bibi arusi akiwa amevaa viatu vile vile atakavyovitembelea, na akiambiwa kwamba arusi iko majanini huliinua kwa upana wa vidole viwili zaidi. Gaguro gumu huyasukuma marinda mbali na miguu. Vifungo vidogo na vitanzi vya uzi, vilivyofichwa nyuma ya kiuno, huupandisha mkia ukaning'inia baada ya picha, na kitanzi kimoja cha ziada huweza kuvikwa kidoleni wakati wa kutembea. Neti ya poliesta, ambayo katika hewa kavu huvuta vumbi na vipande vya majani, hupanguswa kwa kitambaa kilichotiwa unyevu kidogo tu. Chini ya marinda, mahali pa kupigia picha, hutandikwa shuka nyeupe ambayo haionekani. Katika kikapu kidogo huwekwa pini, uzi, mkasi, spiriti, vitambaa vyeupe visivyochuja rangi, poda ya kunyonya mafuta, na kipande cha chaki nyeupe ya shule ambacho hakiondoi doa, ila hulisitiri mpaka usiku. Lakini tazama: hapana hata kimoja katika vitu hivi ambacho bibi arusi aweza kukitumia mwenyewe. Hawezi kuinama, hauoni mgongo wake, haufikii mkia wake. Vazi hili lilishonwa kwa kudhani kwamba watu wengine wapo.

Watu hao wapo hata pale tusipowaona. Mijini mwetu magauni mengi hayanunuliwi. Hukodiwa, kwa kuweka amana ya fedha ambayo hurudishwa gauni likirudi salama. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, walakini hizi zimewasitiri wengi, na kuwawezesha maarusi wa kipato kidogo kuvaa kwa Jumamosi moja kitu ambacho mshahara wa miezi usingelikinunua. Gauni moja la namna hiyo limekwisha kupita kwa maarusi wasiojuana, pindo lake likaonja mchanga wa Kigamboni, wiki nyingine udongo wa Kibaha, na kila Jumatatu likaingia beseni la mwanamke au mwanamume aliyeinama juu yake, akalikagua rinda kwa rinda, akatenga doa la majani na doa la mafuta, akalifua na kulianika kivulini. Kwa hiyo bibi arusi anayelivaa likiwa jeupe amevaa juhudi za mtu ambaye hamjui. Weupe, tukiufikiri vema, si hali ya nguo. Ni kazi ya mtu, nayo huanza upya kila mara.

Inafaa pia kuyatenga mambo mawili ambayo macho huyachanganya, yaani uchafu na najisi. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, mwanamke mmoja mwenye pindo refu alimwendea Ummu Salama, mke wa Mtume, akamweleza kwamba nguo yake huburuzika hata mahali palipo pachafu. Akajibiwa, kwa mapokezi ya Mtume mwenyewe, kwamba ardhi inayofuata hulitoharisha. Wanazuoni wamejadiliana juu ya mpaka wa hukumu hiyo, na wengi wameihusisha na uchafu mkavu. Lakini maana yake kwa mazungumzo yetu yatosha. Tena msafiri aliyekosa maji huamriwa kutayamamu, yaani kujitoharisha kwa ardhi, na madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao wetu, hushurutisha ardhi hiyo iwe na vumbi lenye kushika kiganjani. Basi vumbi lile lile tunalomkimbiza nalo bibi arusi laweza kumsimamisha mtu mbele ya Mola wake akiwa na tohara. Gauni lenye mstari mwekundu pindoni ni chafu kwa mpiga picha peke yake. Katika mizani nyingine, iliyo ya zamani zaidi, halikupungukiwa na kitu. Mwenye kulijua hilo ataendelea kujihadhari na tope kwa ajili ya staha ya wageni na amana ya mwenye duka, ila hatalia.

Wapo waliochoka na ulinzi huu wakaangukia upande wa pili. Tangu mwanzo wa karne hii imezuka huko Marekani, ikaenea kwingineko, desturi ya kupiga picha baada ya arusi, bibi arusi akiingia na gauni lake baharini au matopeni, au akijimwagia rangi, kwa makusudi ya kuliharibu. Yako mambo ya kuchekesha katika picha hizo, na yako ya kusikitisha: mwaka 2012, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, bibi arusi alizama mtoni akipigwa picha za namna hiyo, kwa sababu gauni lililolowa lilikuwa zito kuliko nguvu zake, na aliyejaribu kumwokoa hakuweza. Mwenye kuliabudu vazi na mwenye kulitesa wote wawili wamelifanya kuwa ndilo shughuli ya siku, ilhali shughuli ya siku ni watu wawili na jamaa zao.

Ikiwa kuna jambo moja ambalo arusi za nje hutufunza, basi ni kwamba uchafu hauondolewi, huhamishwa tu. Hutoka pindoni ukaingia katika kanga iliyotandikwa, hutoka katika kanga ukafika magotini pa mpambe aliyepiga goti kulinyosha rinda, na kilichobaki humngojea mfuaji Jumatatu. Swali, kwa hiyo, si jinsi ya kumfanya bibi arusi awe safi, bali ni nani atakayechafuka kwa niaba yake, na kama ameulizwa, na kama atashukuriwa. Mary alikuwa na wasichana wake na maseremala wake. Victoria alikuwa na wale 12. Bibi zetu walikuwa na wanawake wa mtaa mzima na kanga zao. Bibi arusi wa leo, mwenye wapambe waliochaguliwa kwa kulingana kimo na rangi ya nguo, nao wamevaa mavazi ambayo wao pia wanaogopa kuyachafua, aghalabu hana mtu.

Kamati ya arusi, ambayo huhesabu viti, maturubai, sahani na spika, na iandike pia katika daftari yake majina ya watu wawili ambao hawana kazi nyingine siku ile. Wawe watu wazima, wenye nguo za kufuliwa na viatu vya chini, waijue ardhi ya mahali pale na waushike ufunguo wa kile kikapu; na mbele yao bibi arusi aambiwe waziwazi kwamba gauni limetoka mikononi mwake hadi usiku, na lolote litakalolipata litajibiwa na wao. Halafu wahudumiwe kwa haki: wale kabla ya wageni, kwa kuwa baadaye hawatapata nafasi, wapewe kila mmoja doti mpya, kwa kuwa waliyokuja nayo imeharibika, na mfuaji wa Jumatatu asipunguziwe ujira wake kwa hoja kwamba doa lilikuwa dogo. Na mshereheshaji atakapofika pale pa kutoa shukrani, akawataja wazazi, wachangiaji, wapishi na wenye muziki, awataje na hawa wawili kwa majina yao kamili, nao wasimame na nguo zao zenye udongo ili watu wote wawaone.